Mjomba wa Pande Mbili

Tarehe 2 Machi

Kwa Bibi Mwenye Ghorofa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa kina, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba mwavuli wako umepatikana. Ni mweusi, mpini wa mbao, na ubavu mmoja umelegea. Uliusahau juzi pale ukumbi wa sinema, baada ya ile picha ya wapenzi wawili matapeli iliyowachekesha watu wote isipokuwa mimi na wewe. Nilikaa safu ya nyuma yako. Watu wanashika mbavu, wewe unatikisa kichwa kama fundi anayekagua ukuta uliojengwa na mwenzake.

Mkata tiketi ndiye aliyenielekeza: ni yule mama mwenye ghorofa ya mlango wa kijani. Mimi ni daktari wa meno. Nimerejea karibuni kutoka masomoni ng'ambo, na bado natafuta mahali pa kufungulia kliniki.

Niruhusu niulete mwenyewe. Mwavuli ni kitu cha faragha, haufai kupita mikononi mwa watu.

Wako katika huduma ya kinywa,
Daktari


Tarehe 4 Machi

Daktari,

Asante kwa tangazo. Nimemsikitikia mwenye mwavuli huo, maana mimi sijawahi kuwa na mwavuli mweusi. Wangu una maua, na hivi ninavyoandika uko nyuma ya mlango, umekauka. Lakini cha bure hakirudishwi. Ulete. Mtu aliyejisumbua kuutafutia mwavuli mwenyewe asiyekuwepo anastahili kikombe cha chai.

Kuhusu picha: sikucheka kwa sababu yule mwanamume alimwambia yule mwanamke jina lake la kweli kabla picha haijafika katikati. Tapeli gani huyo? Nauliza tu. Mimi ni mjane mtulivu, mambo hayo nayasikia kwa watu.

Njoo Alhamisi alasiri. Ukipanda ngazi shika ukuta, usishike kile kishikio cha chuma. Kimelegea.

Mwenye Ghorofa


Tarehe 23 Machi

Bibi mpendwa (hilo neno la pili limejiandika lenyewe, nimeliacha lipumzike),

Nashukuru kwa chai ya Alhamisi zote. Kile kishikio cha ngazi nimekikaza nilipokuwa nikishuka. Usinishukuru, nilikuwa na bisibisi mfukoni.

Chumba cha chini ulichonionyesha ndicho hasa kinachofaa kliniki. Mwanga ni mzuri, na mgonjwa akipiga kelele hasikiki barabarani. Tatizo ni kiti changu cha kung'olea meno, kimekwama forodhani. Wanataka mtu mwenye mali yake, mtu wa heshima, anidhamini kwa sahihi tu. Sikuombi. Nakutajia kama mtu anavyotaja hali ya hewa.

Jambo moja limenishangaza, uniwie radhi macho yangu. Alhamisi, mpangaji wa juu aliposhuka, wewe ulisimama pembeni ukampisha. Ukamwambia na samahani. Sijawahi kuona mwenye nyumba akimpisha mpangaji kwenye ngazi zake mwenyewe. Unyenyekevu ulioje!

Daktari wako


Tarehe 26 Machi

Daktari,

Unyenyekevu ndio ulionilea. Na wewe, nani alikulea na bisibisi mfukoni?

Nimewahi kufahamiana na madaktari wa meno. Wote, mtu akipiga miayo, huchungulia. Hawajizuii, ni kama fundi seremala na meza ya jirani. Wiki iliyopita nilipiga miayo mbele yako makusudi, mdomo wazi mpaka taya likalia. Wewe ulikuwa unaangalia kufuli la kabati.

Sahihi ningekupa hata leo. Ila hati ya nyumba iko kwa wakili, na wakili huyo ana usingizi mzito, haamki mpaka aguswe na kitu kidogo. Ukimwamsha wewe, mimi nitasaini, kiti kitatoka, chumba utapata. Sikuombi. Hali ya hewa tu.

Sasa la kweli: gego langu la chini, upande wa kushoto, linaniuma tangu juzi. Njoo ulitazame. Uje na vifaa.

Mwenye Ghorofa


Tarehe 28 Machi

Bibi yangu,

Nimeisoma habari ya gego lako nikiwa nimesimama, kwa heshima yake. Lakini kipo kiapo katika taaluma yetu kinachomkataza daktari kuingiza koleo katika kinywa cha mtu anayemuwaza kutwa. Mkono hutetemeka. Nenda kliniki ya umma nyuma ya soko, umuulizie yule mama wa miwani minene. Wanasema ana mkono mwepesi. Humu kwenye bahasha nimekuwekea karafuu. Itafune taratibu upande unaouma, na usinywe kitu cha baridi.

Na kwa kuwa nimeshindwa kukutibu, naona heshima iliyobaki ni kukuoa. Mjomba wangu, mzee mwenye busara zake, atafika kwako tarehe 12 Aprili kuleta posa. Je, unaye mkubwa wa kumpokea?

Daktari


Tarehe 30 Machi

Daktari,

Karafuu imefanya kazi. Jino limetulia. Kuna kitu kingine hakijatulia, na sijui kama nacho kina dawa ya kutafuna.

Ama posa: ninaye baba mkubwa. Ni mkali, na madaktari hawapendi tangu zamani. Atakuwepo. Mwambie mjomba wako ajiandae. Baba mkubwa akikohoa, ajue amekataliwa.

Sijasema ndiyo. Nimesema mkubwa yupo.

Mwenye Ghorofa


Tarehe 2 Aprili

Kwa Mjomba wa Kukodi, kwa mkono wa kinyozi,

Shikamoo mzee. Nimeelekezwa kwako na mama wa duka la vitambaa, yule uliyekuwa baba yake mchana mzima na mpaka leo anakusifu kwamba ulimgombeza vizuri kuliko marehemu.

Nahitaji baba mkubwa, tarehe 12, alasiri. Atakuja mjomba wa daktari mmoja wa meno kuniposa, ghorofa ya mlango wa kijani. Ghorofa si yangu. Naitunza tu. Napiga deki, nawapokelea wapangaji barua zao. Mwenyewe yuko mbali na hana habari kwamba nimekuwa mjane humu ndani. Daktari hajui, wala hapaswi kujua.

Nataka ukali wa wastani. Umkatae kwanza, ukohoe. Nataka nione kama huyu mtu akikataliwa atarudi. Hilo mzee wangu si la kazi. Hilo ni langu mwenyewe.

Wako,
Bibi wa Mlango wa Kijani


Tarehe 3 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi, wa ule msiba ambao haukuwa na maiti. Nakuhitaji tena. Safari hii ni furaha, kwa hiyo punguza machozi.

Uende tarehe 12 alasiri ukaniposee mjane mmoja mwenye ghorofa ya mlango wa kijani. Mimi ni daktari wa meno. Wakikuuliza habari za meno sema mpwa wako hazungumzi kazi nyumbani, maana meno mimi nayajua kwa kuwa ninayo tu. Atakupokea baba mkubwa wa huyo bibi. Ni mtu mkali, na anakohoa. Akikohoa usiondoke. Kaa, bembeleza, omba maji ya kunywa, rudi pale pale.

Mjomba, nitakwambia kitu, na ukikitoa nje utakuwa umeniharibia jina. Nilianza kwa ajili ya chumba cha chini. Sasa chumba nimekisahau. Nawaza jinsi anavyocheka huku ameshika shavu, kama anazuia kicheko kisimwumize. Kwa mtu wa kazi yetu hiyo ni dalili mbaya.

Mpwa wako wa muda,
Daktari


Tarehe 5 Aprili

Kwa Bibi wa Mlango wa Kijani na kwa Daktari. Barua moja, nakala mbili, neno kwa neno, asije mmoja akasema ameonewa.

Katika kazi hii nimekuwa mjomba, baba mkubwa, mwalimu wa zamani, shahidi wa ajali, na mara moja nilikuwa marehemu mwenyewe. Lakini sijawahi kuombwa nijipose.

Tazameni mnachotaka. Tarehe 12 nibishe hodi kwenye mlango wa kijani kama mjomba wa bwana. Kisha nizunguke uani, nipitie jikoni, nije nijifungulie kama baba mkubwa wa bibi. Nijiamkie shikamoo, nijiitikie marahaba. Nijikaribishe kiti. Niseme yaliyonileta, nijikoholee, nijikatae, nijiombe maji, nijibembeleze. Na mimi najijua. Nisingejikubalia kirahisi.

Nilifikiri ninyamaze, nile pande zote mbili. Tatizo nina koti moja tu.

Kwa hiyo nawarudisheni wote. Yaliyomo katika barua zenu sitayataja, siri ya mteja ni siri. Ila ninyi ni watu wazima na mnajua kwamba mwenye ndugu na asiye na la kuficha hakodi mzee. Yaliyobaki hesabianeni wenyewe.

Mjomba


Tarehe 7 Aprili

Bwana usiye daktari,

Mjomba wa kukodi! Kumbe muda wote nauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe la kuazima!

Nilijua. Nilijua siku ya miayo. Nilijua siku ya bisibisi. Lakini nikajiambia, mama, acha kuchimba kila kitu, labda huyu ni daktari mwenye aibu. Hicho ndicho kinachoniuma. Kudanganywa nimezoea, ndiyo mvua ya mji huu. Kujidanganya mwenyewe, tena bure, sikuwahi.

Alhamisi usije.

Mimi


Tarehe 9 Aprili

Bibi usiye na ghorofa,

Umenikasirikia kwa kumkodi mtu uliyemkodi wewe. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali unapojikasirikia, sijapaona.

Mjane! Wa nani? Mwenye ghorofa anayempisha mpangaji! Wakili mwenye usingizi! Nami nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. Ungemwona mtu mzima mimi, ninavyokaa kitandani nikipanga jinsi nitakavyokuambia kwamba si daktari, nitafute na maneno laini, nikuombe usivunjike moyo. Kumbe moyo wenyewe nao ni wa kupanga, kama ghorofa.

Leo Alhamisi sikuja. Nilipita tu ng'ambo ya barabara. Nilikuona unafuta dirisha ambalo lilikuwa safi.

Mimi pia


Tarehe 10 Aprili

Wewe,

Nina swali moja, halafu tuachane kama watu walioshukia kituo kimoja.

Ile karafuu. Ilikuwa kazi, au ilikuwa nini?

Fikiri kabla hujajibu. Ukijibu haraka nitajua una majibu yaliyokwisha pikwa.

Mimi


Tarehe 15 Aprili

Wewe,

Nilitaka kujibu siku ile ile. Nikajizuia, nikaogopa utasema nimezoea. Kisha nikachelewa, nikaogopa utasema nimekuwa nikitunga. Mtu mkweli sijui anaandikaje barua. Inaonekana ni kazi ngumu, ndiyo maana wako wachache.

Mwavuli niliuokota. Karafuu niliinunua. Kazini huwa sinunui kitu.

Nina shauri, na ukilitupa litupe taratibu. Twende ofisi ya ndoa. Bila mjomba, bila baba mkubwa, bila daktari wala mjane. Tuandikishe majina tuliyopewa na wazazi wetu. Langu sijalivaa siku nyingi, sijui kama bado linanitosha. Tarehe 26, saa nne asubuhi. Nimeshapita pale zaidi ya wiki moja, siku kama hiyo na saa kama hiyo. Ni pazuri. Mlango mmoja mbele, kichochoro upande wa kulia, hakuna foleni wala msongamano wa watu. Kichochoro nimekiangalia kwa mazoea, si kwa nia.

Mimi


Tarehe 18 Aprili

Wewe,

Mtu anayeniposa huku ameshajua pa kukimbilia! Sawa. Angalau umeniambia kilipo.

Nitakuja. Ofisi yenyewe sijawahi kuingia, ingawa muhuri wake naujua kuliko karani wake. Niliwahi kuuchonga kwenye kiazi, ukatoka vizuri mpaka nikaona uchungu kukitupa. Ajabu, eh? Nimewafungisha watu ndoa kwa kiazi, na mimi mwenyewe sijui huko ndani kuna viti vya namna gani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sina namna ya kulichekesha. Nikitapeliwa kitu, nitatapeli kingine, nitalala. Lakini nikisimama mlangoni pale nimevaa, nimejipamba, na wewe usitokee, sitakuwa na pa kuupeleka uso wangu. Usije kwa huruma. Usije kwa mchezo. Kama huji, niambie sasa hivi kwa mstari mmoja, sitakujibu wala sitakutukana.

Mimi


Tarehe 20 Aprili

Nakuja.

Mimi


Tarehe 22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa yale ya mwanzo. Tarehe 26 asubuhi nakuomba ukae karibu na ofisi ya ndoa, kama wewe, hakuna wa kuigiza. Mimi nitajibanza mahali mpaka nimwone yeye ameingia, ndipo nijitokeze. Ukimwona anaelekea kichochoroni, nijulishe. Ameniandikia neno moja tu, "Nakuja." Mjomba, mtu mwenye maneno yote yale, kwa nini safari hii atoe moja?

Bibi


Tarehe 23 Aprili

Mjomba,

Tarehe 26 asubuhi uwe mtaa wa ofisi ya ndoa. Sihitaji mjomba, nahitaji macho. Nitakaa kando mpaka yeye aingie kwanza. Akiingia, nitamfuata mbio. Asipokuja, nitaondoka kama mpita njia, na wewe utakuwa hujaniona.

Yule mwanamke aliweza kumzaa wakili mzima kwa kalamu tu. Huo uso asio na pa kuupeleka nitajuaje kama ni wake?

Mpwa wako


Tarehe 27 Aprili

Hukuja.

Nilikaa mpaka jua likafika utosini. Nakupongeza. Nimefanya kazi hii miaka na sijaona mtego safi kama huu. Hakuna chambo, hakuna ndoano, na samaki amejileta mwenyewe akiwa amevaa tai.

Usinijibu.

Mimi


Tarehe 27 Aprili

Hukuja.

Nilikuomba mstari mmoja wa kweli, ukanipa neno moja la uongo. Hata mlango wenyewe umefungwa, hata karani hayupo! Ulijua. Ulipita pale wiki mfululizo, ulijua kila kitu. Wapangaji waliniona nikitoka nimependeza, na wameniona nikirudi.

Barua zako nimezifungia kamba. Nitakutumia. Usiniandikie.

Mimi


Tarehe 28 Aprili

Kwa wote wawili. Barua moja, nakala mbili, kama desturi yetu.

Safari hii nilikubali kulipwa pande zote, kwa kuwa kazi ilikuwa kutazama tu, na kwa kutazama koti moja linatosha. Nimepokea malalamiko yenu jana kwa mkono wa kinyozi, yote yakisema kitu kile kile kwa hati tofauti. Sasa nitoe taarifa, nanyi mnyamaze.

Bwana: alikuja. Alifika kabla yako. Alikuwa nyuma ya meza ya muuza magazeti, gauni la bluu, hereni ndefu, ameshika gazeti mbele ya uso. Muuza magazeti alimwuliza, "Dada, unanunua au unajikinga jua?" Akamwambia, "Nasoma." Gazeti lilikuwa juu chini.

Bibi: alikuja. Alikuwa kwenye kiti cha mpiga viatu rangi, kona ya pili, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kiatu kimoja kilisuguliwa mpaka mpiga rangi akamwambia, "Mzee, nikiendelea nitafika kwenye soksi." Hakusikia. Mkononi alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilimpitia karibu makusudi nikakiona. Kilikuwa cha kweli, Bibi. Kimechanika pembeni, jina la mama limekosewa likafutwa kwa wembe. Vya kughushi huwa visafi.

Wote mlikuwa mnatazama mlango. Kila mmoja anamngoja mwenzake aingie kwanza, ndipo aamini. Nilitamani kukohoa. Lakini mlinikodi macho, hamkunikodi kifua.

Bibi aliondoka wa kwanza, akipita upande huu. Bwana akaondoka baadaye, akipita upande ule, na kichochoro hakukigusa. Mmoja alikuwa anafuta macho kwa gazeti ambalo hakulilipia. Sitasema mwingine alikuwa anafutia nini.

Mnanilalamikia kwamba mmetapeliwa. Hakuna aliyetapeliwa. Mlikuja wote, mapema, mmevaa vizuri, na majina yenu ya kweli mfukoni. Katika miaka yangu yote ya kuwa ndugu wa watu sijaona posa ya kweli kuliko hiyo, na haikunihitaji hata kidogo.

Mlipoondoka nilivuka barabara nikamwuliza mlinzi wa ile ofisi kwa nini mlango haukufunguliwa asubuhi nzima. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyepotea njia ya nyumbani.

Ilikuwa Jumapili.

Mjomba